Bi Mize na Swaumu ya Kwenye Televisheni

Kicheko cha Mwanamize Rajab huanza chini, kama mtu anayesafisha koo, kikapanda taratibu mpaka mwenyewe kikamshinda, akashika kiuno na kuinama. Ukikisikia huna budi kucheka nawe, upende usipende. Kwa kicheko hicho alijulikana visiwa vyote viwili, akajulikana na bara, na kwa miaka kumi watu wamekuwa wakikaa mbele ya televisheni kumwona akikuna nazi, akiiga sauti za mawifi na mashemeji, akiimba vipande vya nyimbo za harusi huku vitunguu vinaungua. Kipindi chake kiliitwa "Jikoni kwa Bi Mize". Sura yake ilikuwa kwenye mifuko ya unga wa ngano, mashavu yamejaa, mwiko mkononi.

Lakini Tibirinzi, pale Chake Chake, hakuna aliyemwita Bi Mize. Pale alikuwa Mwanamize wa Bi Asya, na ukitaka kuyajua maisha yake, huna budi kuanza na huyo Bi Asya.

Mwanamize alizaliwa Makangale, kaskazini kabisa, ambako msitu wa Ngezi unaishia kwenye mashamba ya watu. Mama yake alifariki akijifungua mtoto wa pili, na mtoto naye hakukaa. Baba yake, Mzee Rajab, alikuwa mtu wa shamba, mpole, asiyejua hata kumsuka mtoto nywele. Akamvumilia mwaka mmoja na nywele zake za kutisha, kisha akamchukua mpaka Tibirinzi kwa dada yake. Mwanamize alikuwa na miaka saba. Bi Asya alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto, na kazi yake ilikuwa kupika shughuli. Harusi, maulidi, hitima, arobaini, kote aliitwa yeye. Familia nyingine ziliuliza kwanza kama Bi Asya ana nafasi ndipo zikapanga siku ya harusi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Jikoni kwake hakusemwi. Akitia mchele anasema bismillahi, akiupua anasema alhamdulillahi, na baina ya hayo mawili unasikia kuni tu. Akitaka kujua chumvi, huwageuzia watu mgongo, akadondosha tone la mchuzi kwenye kiganja na kulilamba upesi, kama anayefanya jambo la aibu. Chakula cha watu, alisema, hakionjwi kwa tamasha.

Na Mungu, kwa hikima yake, akampa mtoto wa kulea aliyekuwa tamasha tupu. Mwanamize alikuwa hawezi kuona mtu bila kumuiga. Alimuiga bibi harusi anayejilazimisha kulia, alimuiga mzee aliyekuja kwenye hitima na mfuko wa nailoni ndani ya kanzu. Wanawake wakawa wanaacha mazungumzo ya ukumbini wanakuja uani kwenye moto kumsikiliza. Bi Asya akimkaripia: "Weye ukicheka hapo, mate yako yaenda wapi? Si chunguni?" Mwanamize huziba mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Hata hivyo mikono yake ilikuwa na akili. Akiwa na miaka kumi na tano alikuwa anaachiwa sufuria la pilau peke yake, na Bi Asya anapita tu, ananusa, anaendelea na safari yake. Kwa Bi Asya kunusa na kupita ndiyo ilikuwa sifa, na sifa nyingine hakuwa nazo.

Biriani alifundishwa na Shirinbai, mke wa Abbas mwenye duka la vitambaa mjini Chake. Mama huyu alikuwa mkarimu wa siri zake kwa namna ya ajabu: alimwambia kila kitu isipokuwa kiasi. Mwanamize alikwenda miezi mitatu kuiba kiasi kwa macho. Siku alipopika biriani ile kwenye harusi, Bi Asya alinusa, akapita, kisha akarudi akanusa tena. Mpaka leo Mwanamize huisimulia siku hiyo kama watu wengine wanavyosimulia walivyokwenda Hija.

Aliolewa na Nassor, mfanyabiashara wa Mkoani aliyekuwa akipeleka ndizi na ndimu Unguja, na akahamia huko. Ndoa ilidumu miaka sita. Nassor alikuwa mtu mzuri aliyependa utulivu, na waliachana bila ugomvi mkubwa, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa kumwacha apumue. Mwanamize akaingia kazi kwenye jiko la hoteli moja ya ufukweni, na hapo ndipo alipomkuta Haitham, kijana wa kituo cha televisheni aliyekuja kupiga picha za mapishi ya kitalii. Mpishi mkuu alikuwa anaumwa. Wakamsimamisha Mwanamize mbele ya kamera amimine mkate wa kumimina. Mkate ukamganda, akaupindua ukatoka nusu, ile nusu nyingine ikabaki chini ya chuma, na yeye badala ya kuona haya akakitoa kile kicheko. Haitham aliiweka picha hiyo mtandaoni jioni ile ile. Baada ya wiki watu wa Mombasa walikuwa wanajua kuwa kuna mwanamke wa Kipemba ambaye mkate ukimharibikia ndipo anapofurahi.

Haitham ndiye aliyemfundisha kuonja. Si kuonja kwa kiganja. "Mama, mtazamaji hana pua wala ulimi," alimwambia. "Anakula kwa uso wako." Basi Mwanamize akajifunza kuchota kijiko kizima, kufumba macho, kunguruma kidogo, na kuachia kicheko. Ndiyo ikawa alama yake. Watoto mashuleni wakawa wanaiga.

Bi Asya aliletewa televisheni, na kila jioni aliitazama, ila hakusema neno. Watu wakimwambia, "Binti yako kawa mtu mkubwa," hujibu, "Huyo? Kelele tu," na huku kavaa kanga mpya aliyotumiwa na hizo kelele.

Katika pilika zote hizo kulikuwa na jambo moja ambalo Mwanamize hakulivunja. Kila Ramadhani ilipoingia alikuwa Tibirinzi. Alikaa kumi la kwanza lote, siku kumi za mwanzo, akampikia Bi Asya futari kwa mkono wake, na Bi Asya alikula. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake ya mwaka: nyumba imejaa harufu ya uji wa pilipili manga, shangazi yake kakaa kwenye mkeka, tende, maji, kisha mkono unaelekea sahanini. Hakuhitaji kusifiwa. Akimwona anakula, roho yake inatulia kwa miezi kumi na moja.

Ili apate kumi hilo, vipindi vyote vya Ramadhani vilirikodiwa Shaabani, thelathini kwa mpigo, kwa wiki mbili. Ni kazi ya kuchosha. Kwenye chumba cha studio wanatundika mataa na mapambo ya mwezi na nyota, na mtu anasema "Ramadhani karimu" mara tano kwa siku huku chai ya saa nne inamngoja nje. Kwa kipindi cha mwanzo Haitham alikuwa ameandika maneno ya kufungulia. Mwanamize aliyasoma, akayaongezea yake kama kawaida, akashika koo na kuiga mtu aliyeishiwa nguvu: "Wenzangu, chungu cha kwanza cha mfungo leo na swaumu imenikamata! Hapa nilipo sina mate hata ya kubandikia stempu!" Watu wa kamera walicheka mpaka wakarudia kurikodi. Kisha akapika muhogo wa nazi, na mwisho, kwa mazoea, akachota kijiko kizima, akafumba macho, akanguruma, akacheka. Hakuna hata mmoja mle chumbani, na wote walikuwa Waislamu, aliyeona kitu. Wote walikuwa wameshiba.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, saa kumi na moja jioni, Mwanamize alikuwa uani Tibirinzi akikaanga samaki changu. Ndani walikuwa Bi Asya na Mardhiya, mjukuu wa ndugu yao aliyekuwa akikaa na bibi huyo na kumwangalia, kwani Bi Asya sasa alikuwa na miaka themanini na moja na maradhi ya sukari yalikuwa yamemkondesha. Televisheni ilikuwa wazi. Mwanamize alisikia sauti yake mwenyewe ikisema haina mate, akatabasamu peke yake. Akasikia kile kicheko cha mwisho. Kisha akasikia televisheni inazimwa.

Ilipoadhiniwa magharibi, Bi Asya alikula tende moja, akanywa maji. Mwanamize akamsogezea muhogo, akamsogezea uji, akamvunjia mkate wa ufuta.

"Sitii mkono," Bi Asya alisema, akainuka kwenda kusali.

Mwanamize alidhani tumbo. Baada ya sala, Mardhiya akamwonyesha simu. Huko nje kulikuwa kumewaka moto. Bi Mize kala mchana wa Ramadhani! Bi Mize kafuturu kabla ya jua kuchwa! Mtu mmoja alikuwa ameikuza picha ya dirisha la studio kuonyesha kuwa jua liko juu kabisa. Mwengine aliandika kuwa kijiko kile ni cha kumeza, si cha kuonja, na akachora mshale mwekundu kwenye koo. Matusi yalikuwa mengi, mengine hayaandikiki, na walioyaandika, Mungu awasamehe, nao walikuwa wamefunga.

Tibirinzi wenyewe walicheka. Wao walikuwa na ushahidi: saa ile ile Bi Mize alipokuwa akila Unguja kwenye televisheni, Mwanamize alikuwa uani kwao na moshi machoni. Majirani walimtetea kwa simu zao mpaka vocha zikaisha. Siku ya tatu Shehe Mmanga wa msikiti wao alilizungumza kwenye darsa baada ya alasiri. Alisema kipindi kilirikodiwa Shaabani, na hata kingekuwa cha Ramadhani, mpishi ameruhusiwa kuonja akihitaji, madamu hamezi. Akawaambia vijana kuwa kumchungulia mtu koo lake si ibada. Mtu akairikodi ile darsa, ikasambaa, na kufikia siku ya nne wale waliotukana walikuwa wanaomba radhi na kuuliza mapishi ya muhogo. Haitham alipiga simu akiwa na furaha. Watazamaji walikuwa wameongezeka maradufu.

"Mama, tumetoka tukiwa na faida," alimwambia.

Ila siku ya nne hiyo hiyo Bi Asya alikula tende, akanywa maji, na hakutia mkono. Alikuwa akiletewa kipande cha muhogo na Bi Tatu, jirani wa upande wa pili wa ua, akala hicho kidogo, kisha akasukuma mbali kila kilichopikwa na Mwanamize. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyesikia kitu kimevunjika ndani ya nyumba na hataki kwenda kutazama ni kipi.

Mwanamize aliingiwa na hofu, hofu ya kweli, ya mtoto wa miaka saba. Alimwona shangazi yake alivyopungua, mifupa ya bega inaonekana juu ya kanga. Ramadhani ijayo ilikuwa mbali sana. Aliona wazi kuwa Bi Asya anaweza kufa hajala tena chakula cha mkono wake, na kwamba likitokea hilo, unga, nyimbo na vipindi vyote vitakuwa havina maana yoyote. Siku ya tano, baada ya alasiri, akaketi naye barazani.

"Shangazi, Shehe Mmanga mwenyewe kasema. Ilikuwa Shaabani."

"Mie si mjinga, Mwanamize. Nnajua ilikuwa Shaabani. Mie na weye twaandama mwezi mmoja."

"Na kuonja kumeruhusiwa."

"Kuonja mie sina neno nako. Ulimi wa mpishi una ruhusa yake." Bi Asya alikuwa akitazama njiani, si usoni kwake. "Ulisema swaumu imekukamata. Ulikuwa umefunga?"

"Shangazi, ilikuwa Shaa—"

"N'nakuuliza. Ulikuwa umefunga?"

"Sikuwa."

"Basi," alisema Bi Asya, na akavuta tasbihi yake.

Mwanamize alibaki palepale. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba hakuna mtu duniani aliyeliona. Mamia ya watu walikuwa wamelichungulia koo lake na hakuna hata mmoja aliyeliuliza swali hili. Alitaka kusema kuwa ni mzaha, ni maneno ya kwenye karatasi, kila mtu wa televisheni hufanya hivyo. Kila alipotaka kulisema, aliiona sura yake mwenyewe imeshika koo, inaigiza njaa ya watu ambao siku hiyo wangekuwa na njaa kweli, na yeye tumboni ana chapati mbili na chai ya maziwa. Aliona haya. Hakuwa amezoea kuona haya, na hayakumkaa vizuri.

Akampigia Haitham. Alitaka kusema kweli hewani.

"Mama, mambo yamekwisha! Shehe kakusafisha. Wewe unataka kujichafua tena kwa nini?"

"Kwa sababu nilisema nimefunga na sikuwa nimefunga."

"Lakini hakuna anayelalamikia hilo!"

"Yupo mmoja."

Haitham alikataa kuyatoa maneno hayo hewani. Basi Mwanamize akaisimamisha simu ya Mardhiya kwenye gogo la kukatia nyama, akajirikodi mwenyewe uani, bila mataa, na jasho usoni. Hakuiga sauti ya mtu. Alisema kuwa kuonja hakukuwa kosa lake, kosa lake ni kuwa alisema amefunga naye amekula, akaifanya swaumu yao mchezo ili wacheke. Akaomba radhi. Ilichukua dakika moja na nusu, na hakucheka hata mara moja, jambo ambalo watu wengi walilisema baadaye kuwa ndilo lililowatisha.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko ya mwanzo. Waliokuwa wamemtukana walisema, tuliwaambia. Waliokuwa wamemtetea walihisi wamefanywa wajinga, na hao ndio waliokuwa wakali zaidi. Siku ya nane wenye unga walitaka sura yake itolewe kwenye mifuko. Siku ya tisa kituo kikakisimamisha kipindi, wakaweka mahali pake mashindano ya kusoma kasida ya mwaka juzi. Haitham alimtumia ujumbe mfupi, hana kinyongo, lakini hakupiga simu. Miaka kumi ilimalizika hivyo, bila hata mtu kumwambia kwaheri.

Jioni ya siku hiyo ya tisa Mwanamize alipika kama asiye na habari. Uji, muhogo, mkate wa ufuta, samaki. Alijua kuwa Bi Asya ameiona ile rikodi, kwani Mardhiya alimwonyesha mara mbili, na mara ya pili bibi aliomba sauti iongezwe. Ikaadhiniwa. Bi Asya akala tende moja. Akanywa maji. Mkono ukabaki pajani.

Hapo Mwanamize alishindwa. "Nimesema mbele ya dunia nzima!" alipaza sauti, na sauti kama hiyo haikuwahi kupazwa ndani ya nyumba ile. "Kazi imekwenda! Jina limekwenda! Shangazi, wataka nini tena kwangu?"

Mardhiya aliinamisha kichwa. Bi Asya alimtazama binti aliyemlea, macho yake mwenyewe yamejaa maji, akainuka kwa kushikilia ukuta na kuingia chumbani. Usiku huo walijilaza, kila mmoja akijua kuwa mwenzake hajalala.

Kesho yake, muda mfupi baada ya adhuhuri, wakati ambao Bi Asya hujifungia kwa kulala mchana, mlango wa chumba ulifunguliwa kidogo.

"Mwanamize. Njoo."

Aliingia. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya karafuu. Bi Asya alikuwa amekaa kitandani, na mapajani mwake kulikuwa na kopo la biskuti lililo wazi, na pembeni kipande cha mkate wa jana uliokwishakauka. Thamosi ya chai, ambayo Mardhiya alikuwa akiitafuta nyumba nzima tangu Ramadhani kuingia, ilikuwa chini ya kitanda.

"Mwaka wa pili huno sifungi," alisema.

Mwanamize akaurudisha mlango nyuma yake.

"Daktari kanikataza. Kanambia, Bi Asya, ukifunga kwa sukari hino utakufa. Mie nkafunga. Siku ya tatu n'lianguka chooni, weye na Mardhiya mkadhani n'liteleza." Alikuwa akizungumza na lile kopo. "Dini yangu naijua. Mgonjwa hana dhambi. Fidia naitoa, kibaba cha mchele kwa kila siku, Mardhiya apeleka, namwambia ni sadaka. Si Mungu n'nomwogopa. N'naogopa watu. Kila anopita aniuliza, 'Swaumu vipi, Bi Asya?' Nami najibu, 'Alhamdulillahi, yaenda.' Na biskuti ingali mdomoni."

"Kwa nini usiniambie mimi?"

"Weye?" Bi Asya akatoa pumzi iliyotaka kuwa kicheko. "Mie n'lokuchapa kwa tende moja ulokula mchana wa Ramadhani, ulipokuwa na miaka tisa? N'kwambie weye?"

Akalifunika lile kopo. "Weye ulisema urongo siku moja, mie n'kakusuta mpaka ukasema kweli. Mie nausema kila siku na wanibusu mkono. N'likuona kwenye televisheni umeshika koo, n'kajiona mie. Cha Tatu n'liweza, Tatu si mtoto n'lomlea. Ile futari yako mwanangu n'lishindwa kuitia mdomoni. Ulipikia mtu alofunga."

Mwanamize alikaa chini kando ya kitanda, akaegemeza kichwa kwenye goti la shangazi yake, akalia. Alilia kwa hasira pia, kwani alikumbuka siku tisa za kutazama mkono ule usiokwenda sahanini, akakumbuka kazi iliyopotea. Angeweza kusema, na ingekuwa haki yake. Lakini lililomuuma kuliko yote lilikuwa lile kopo. Mwanamke aliyewalisha watu wa Chake Chake kwenye harusi na misiba yao kwa miaka hamsini, anakula biskuti kavu kwa kujificha, mlango umetiwa komeo, kama mwizi nyumbani mwake.

"Kesho nakupikia," alisema.

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Wazimu weye. Moshi utaonekana."

"Uonekane."

Ramadhani, Tibirinzi saa saba mchana haina moshi. Paka wenyewe hulala. Siku ya kumi na moja, siku ambayo kwa kawaida Mwanamize huwa kesharudi Unguja, alikoka makaa uani mbele ya macho ya mbingu na majirani. Akachemsha majimbi. Akamuunga changu mchuzi mwepesi, kitunguu, bizari, ndimu. Alikuwa amefunga, na jua lilikuwa kali, na harufu ile ilimwingia mpaka akaona kizunguzungu. Mara mbili alilazimika kukaa chini. Mardhiya alisimama mlangoni akiziba mdomo kwa kanga, na machozi yanamtoka, kwani na yeye sasa alikuwa amejua zile sadaka zilikuwa nini.

Bi Asya alitoka mwenyewe. Alikataa kula chumbani. Akaketi kwenye mkeka palepale uani, kanga yake nzuri begani, mgongo umenyooka.

Haikuchukua muda. Ng'ambo ya ua wa makuti sauti ya Bi Tatu ikasikika, ya ukali na ya udadisi mkubwa zaidi. "Nani anopika saa hizi huko? Mwanamize! Mwataka kutuletea nini mtaa huno?"

Mwanamize alifungua mdomo kumjibu, maneno alikuwa nayo tayari, maneno ya kuchekesha yangemaliza jambo. Bi Asya akamshika mkono.

"Mie, Tatu," aliita, kwa sauti ambayo Mwanamize hakuwahi kuisikia ikipanda hivyo kwenye moto. "Napikiwa mie. N'na sukari. Sifungi, na mwaka jana sikufunga."

Sifa ya miaka hamsini ya Bi Asya ilikuwa imekaa uchi barabarani. Kisha zikasikika ndara za Bi Tatu zikiburuta, zikirudi ndani taratibu. Hakusema pole, hakusema astaghfirullah. Atakayoyasema mtaani jioni ile, hakuna aliyejua.

Bi Asya aligeukia sahani. Akasema bismillahi, akamega jimbi, akalichovya kwenye mchuzi. Mwanamize, midomo imemkauka na tumbo linamnguruma kwa swaumu yake mwenyewe, alikaa mbele yake, akimtazama anavyotafuna, mpaka akamaliza.